Volti Tatu kwa Mita

Mei 2006, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Amsterdam nchini Uholanzi, chumba kimoja cha wagonjwa mahututi kiliachwa bila mgonjwa. Watafiti waliingiza humo mashine 41 za watengenezaji 22: za kupumulia, za kusafishia damu, pampu za kusukuma dawa mwilini, monita za moyo. Ziliwashwa zote zikafanya kazi kana kwamba kuna mtu amelala pale kitandani. Kisha vikasogezwa karibu nazo visomaji vya vibandiko vinavyojitambulisha kwa mawimbi ya redio, vile ambavyo hospitali zilianza kuvibandika kwenye vifaa na mifuko ya damu ili visipotee njiani.

Yalifanyika majaribio 123. Mara 34 mashine zilivurugika, na mivurugiko 22 kati ya hiyo ilihesabiwa kuwa ya hatari. Mashine za kupumulia zilizimika, au zikabadili zenyewe kasi ya pumzi iliyokwisha kupangwa. Pampu za sindano zilisimama. Hakuna aliyezigusa. Umbali wa kati baina ya kisomaji na mashine, pale mvurugiko ulipotokea, ulikuwa sentimita 30, ingawa kulikuwa na tukio lililoonekana kisomaji kikiwa mita 6. Matokeo yalichapishwa Juni 2008 katika jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, na wauzaji wa vibandiko hawakuyafurahia.

Hazikuwa mashine mbovu. Ulaya imekuwa ikidai tangu miaka ya 1990 kwamba kifaa cha umeme kisiingie sokoni mpaka kithibitishwe kuwa kinavumilia mawimbi yaliyokizunguka. Kwa hiyo swali la Amsterdam linauma zaidi ya linavyoonekana: cheti cha uvumilivu huahidi nini hasa?

Tuanze na jinsi mashine inavyosikia kitu ambacho haikuumbwa kukisikia. Kila waya ni antena, utake usitake. Wimbi la megahezi 100, ambalo liko katika mkanda wa redio za FM, lina urefu wa mita 3, na waya ulio nusu ya urefu huo, yaani mita moja na nusu, hulipokea vizuri sana. Huo ndio urefu wa kebo ya kawaida inayotoka kifuani mwa mgonjwa hadi kwenye monita. Wimbi la megahezi 900, linalotumiwa na simu nyingi, lina urefu wa sentimita 33. Nusu yake ni sentimita 16 na ushei, na hapo mlango ni ufa ulioachwa pale vipande viwili vya kasha la chuma vinapokutana. Watu wengi hudhani kasha lenye matundu mengi ndilo linalovuja. Kwa mawimbi, kinachohesabika zaidi ni urefu wa tundu kuliko eneo lake. Ufa mwembamba usiopitisha hata kadi ya simu, ukiwa mrefu kiasi cha kiganja, hupitisha mawimbi kuliko safu nzima ya vitundu vya duara vya kupozea joto.

Wimbi likishaingia ndani bado lina kikwazo. Linapanda na kushuka mara milioni 900 kwa sekunde, ilhali saketi ya kupima moyo imeundwa kufuata umeme wa takriban milivolti moja unaobadilika mara chache tu kwa sekunde. Kasi hizo mbili hazikutani popote, na lau transista na dayodi zingepitisha umeme kwa usawa pande zote, wimbi lingejifuta lenyewe na habari ingeishia hapo. Lakini hazipitishi kwa usawa. Upande mmoja hupita zaidi kuliko mwingine, kwa hiyo baada ya kupanda na kushuka kote huko hubaki salio dogo linalofuata nguvu ya wimbi: likiongezeka, salio huongezeka; likikatika, salio hutoweka. Redio za kale za fuwele zilinasa matangazo kwa njia hiyohiyo. Kikuza umeme cha moyo kimegeuka redio bila kuombwa, na salio lile hukifikia likiwa na mwendo wa taratibu ambao sasa kinaweza kuufuata.

Sauti ya jambo hili wengi wetu tunaijua. Spika iliyo karibu na simu hunguruma kwa mikato mikato, na sekunde mbili baadaye simu inaita. Simu za kizazi cha pili, zile za GSM zilizoanza kutumika Finland mwaka 1991, hazirushi mawimbi mfululizo. Hupokezana zamu na simu nyingine, na kila moja hufyatua mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe hayasikiki, lakini kuwaka na kuzimika mara 217 kwa sekunde kumo ndani ya uwezo wa sikio. Ngurumo hutangulia mlio kwa sababu simu inapoitwa na mnara hujibu kwanza kwa nguvu ya juu kabisa inayoruhusiwa pale. Bado haijaambiwa ipunguze.

Maabara za uvumilivu hujaribu kuiga kero ya namna hiyo kwa utaratibu. Chumba chake ni cha chuma pande zote, sakafu na dari vikiwemo, ili redio za mjini zisiingie na mawimbi ya majaribio yasitoke yakasumbua majirani. Kuta zake za ndani zimepambwa kwa piramidi za sponji iliyochanganywa na kaboni, zikielekeza ncha zake katikati ya chumba. Hizo humeza mawimbi yasirudi nyuma. Kifaa kinachochunguzwa huwekwa juu ya meza isiyo ya chuma yenye kimo cha sentimita 80. Antena kubwa husimama, kwa kawaida, mita 3 mbele yake. Hakuna mtu ndani wakati wa jaribio. Kamera hutazama skrini ya kifaa, na fundi hukaa nje akitazama kamera.

Kabla kifaa hakijaingia, uga wenyewe wa mawimbi hupimwa. Ukuta wa kufikirika wa mita 1.5 kwa 1.5 hugawanywa katika nukta 16, na nguvu ya uga hupimwa kwenye kila nukta. Angalau nukta 12 zinatakiwa zisipungue kiwango kilichotajwa, wala zisikizidi zaidi ya maradufu. Maradufu! Anayeona sayansi ya vipimo kuwa kazi ya sehemu za elfu atashangaa, lakini mawimbi ndani ya chumba ni viumbe wakaidi, na ruhusa hiyo ni matokeo ya miaka mingi ya wataalamu kubishana na kuta.

Kisha masafa hupandishwa hatua kwa hatua, kila hatua ikizidi iliyotangulia kwa asilimia moja. Kutoka megahezi 80 hadi gigahezi 2.7 ni zaidi ya hatua 350. Kifaa hugeuzwa upande wa mbele, nyuma, kushoto na kulia, na kila upande hupigwa mara mbili, antena ikiwa wima na ikiwa imelala. Ukisimama kwenye kila hatua kwa sekunde tatu tu, kazi itakuchukua zaidi ya saa mbili bila kupumzika. Uvumilivu huo una sababu. Mtoto aliye kwenye bembea hapandi juu kwa kusukumwa kwa nguvu kubwa bali kwa kusukumwa kwa wakati wake, na nyaya za kifaa ziko hivyo: kinaweza kukaa kimya kutoka megahezi 80 hadi 431, kikafanya wazimu kwenye 433, na kutulia tena kwenye 440. Ukiruka hatua, umemruka mgonjwa.

Kuna jambo la ujanja zaidi. Wimbi la majaribio halirushwi likiwa tuli. Nguvu yake hupandishwa na kushushwa kwa asilimia 80, mara elfu moja kwa sekunde, ili lile salio la dayodi liwe na mwendo unaoweza kuonekana. Katika matoleo ya 2001 na 2007 ya kiwango cha kimataifa cha vifaa tiba, IEC 60601-1-2, kwa mashine zinazopima au kuongoza kazi za mwili mpigo huo uliwekwa kuwa 2 kwa sekunde. Mara 2 kwa sekunde ni mara 120 kwa dakika. Wataalamu walichagua kwa makusudi wimbi ambalo, likipenya, litafanana na moyo wa mtu anayekimbia, kwa sababu kosa baya kuliko yote ambalo monita inaweza kufanya ni kuonyesha mapigo mazuri ya moyo uliokwisha kusimama.

Na kufeli ni nini? Hapa msomaji anastahili kuwa na shaka kidogo. Kabla ya jaribio, mtengenezaji mwenyewe huandika mambo ambayo mashine yake haipaswi kuyakosa kamwe, na mashine hupimwa kwa orodha hiyo. Picha ya skrini ikichafuka chengachenga huku idadi ya mapigo ikibaki sahihi, yaweza kuhesabiwa kuwa imefaulu. Wakaguzi huisoma orodha, na mtengenezaji mzembe hurudishwa; hata hivyo daktari anayeletewa cheti cha ukurasa mmoja haioni orodha hiyo, na sijui ni wangapi hujua kwamba ipo.

Katika kujaribu uvumilivu, watu wa ndege za kivita walikwenda mbali kuliko wote. Huko Kirtland, jirani na Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Jeshi la Anga la Marekani lilijenga jukwaa la mbao zilizounganishwa kwa gundi, lenye kimo cha takriban mita 36, imara kiasi cha kubeba ndege ya mabomu ya B-52. Kuanzia 1980 hadi 1991 ndege zilipandishwa juu yake na kupigwa kwa uga mkali wa ghafla unaoiga ule wa bomu la nyuklia linalolipuka juu angani. Misumari na nguzo za chuma zingeuvuruga uga na kuifanya ndege ionekane iko ardhini, nao walitaka kuijaribu kana kwamba inaruka. Kwa hiyo hata bolti zilikuwa za mbao.

Mashine ya hospitali haikuwahi kutengewa gharama kama hizo. Toleo la kwanza la kiwango chake, la 1993, liliitaka ivumilie uga wa volti 3 kwa mita. Toleo la 2001 liliongeza hadi volti 10 kwa mashine zinazoshikilia uhai, na kuziacha nyingine palepale kwenye 3. Ni namba ndogo zisizotisha, na mtu asiye fundi hawezi kujua zina maana gani mpaka azigeuze kuwa umbali. Kanuni inayotumiwa na kiwango chenyewe ni fupi: chukua 6, zidisha kwa kipeuo cha pili cha nguvu ya kirushio kwa wati, gawanya kwa umbali kwa mita.

Simu ya GSM ya megahezi 900 inaweza kufikia wati 2. Fanya hesabu, utaona kwamba uga wake hushuka hadi volti 3 kwa mita ukiwa umesimama takriban mita 2.8 kutoka kwake. Kwa volti 10 ni sentimita 85. Mashine iliyofaulu kipimo cha volti 3 imethibitishwa dhidi ya simu iliyo upande wa pili wa chumba, wala haijathibitishwa dhidi ya simu iliyowekwa juu yake na muuguzi aliyehitaji mikono miwili. Haina maana kwamba itavurugika. Mashine nyingi huvumilia kuliko zilivyoahidi. Maana yake ni kwamba hakuna aliyeangalia. Kisomaji cha Amsterdam kilichosumbua zaidi kilirusha kwenye megahezi 868, jirani kabisa na simu, na ule umbali wa kati wa sentimita 30 uko ndani sana ya eneo ambalo vyeti havikulifikia.

Toleo la 2014 ndilo lililokiri kwamba dunia imesogea. Liliongeza majaribio ya ukaribu, kwa masafa ya simu, ya redio za polisi na ya Wi-Fi, likichukulia kirushio kiko sentimita 30 tu. Weka wati 2 na mita 0.3 katika kanuni ileile na utapata volti 28 kwa mita, ambayo ndiyo namba iliyochapishwa kwa baadhi ya mikanda ya simu. Kutoka 3 hadi 28, ndani ya miaka 21. Mwaka huohuo wa 2014, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliamuru skrini za marubani katika baadhi ya Boeing 737 na 777 zibadilishwe ndani ya miaka mitano. Zilikuwa zimezimika wakati mafundi wakijaribu mitambo ya Wi-Fi ya abiria. Skrini hizo nazo zilikuwa na vyeti.

Inafaa kueleza pia jinsi mambo yanavyoweza kwenda vizuri. Miaka ya 1990 hofu kubwa ilikuwa kwa watu wenye pesimeka, kile kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kifua ili kuuongoza moyo. Mwaka 1997 jarida la New England lilichapisha utafiti wa wagonjwa 980 waliojaribiwa kwa simu za aina tano, jumla majaribio 5,533. Muingiliano wa aina yoyote ulionekana katika asilimia 20 ya majaribio, na katika asilimia 6.6 ulikuwa mzito kiasi cha kuweza kumdhuru mtu. Lakini simu ilipowekwa sikioni, mahali pake pa kawaida, hapakuwa na hata mmoja wa uzito huo. Shida ilikuwa simu iliyolazwa juu ya kifua. Ushauri wa kuiweka simu angalau sentimita 15 kutoka kwenye kifaa ulienea na unaendelea mpaka leo. Watengenezaji nao walifunga vichujio vidogo vya kapasita pale hasa waya unapoingia ndani ya kasha la titani, na wimbi likapelekwa kwenye kasha kabla halijafika kwenye saketi. Ni kipande kidogo sana cha kauri, na kwa maoni yangu kimeokoa watu wengi kuliko mabango yote ya kukataza simu.

Mabango hayo yanatuleta nyumbani. Katika hospitali zetu yamekuwa mapambo, na siwalaumu wanaoyapuuza. Ndugu anayeuguza ndiye anayelipia dawa kwa simu, hapohapo kitandani, na kumwambia aizime ni kumwambia asitibiwe mtu wake. Tena mashine nyingi huja kwa msaada zikiwa zimeshatumika kwingine, zimeundwa chini ya matoleo ya 1993 au 2001, na karatasi zake zimebaki zilikotoka.

Halafu kuna suala la minara. Simu ya GSM hupunguza sauti yake inapokuwa karibu na mnara. Kutoka wati 2 inaweza kushuka hadi chini ya wati 0.004, na uga wake kwa sentimita 30 ukaporomoka kutoka volti 28 hadi kama 1. Mnara ukiwa mbali, au ukuta wa wodi ukiwa mnene, simu hupaza kadiri inavyoweza. Kwa hiyo simu ya kitochi iliyoshika kijimstari kimoja cha mtandao katika hospitali ya wilaya ni jirani mbaya kwa pampu kuliko simu ileile katikati ya Dar es Salaam. Inaonekana kinyume, lakini kuboresha mtandao ndani ya wodi ni njia ya kupunguza mawimbi yanayozifikia mashine. Simu za kizazi cha nne ni majirani wapole zaidi, takriban wati 0.2 kwa kilele, yaani volti 9 kwa umbali uleule. Jirani mkali kuliko wote hatajwi na bango lolote: mlinzi mwenye redio ya upepo ya wati 5, anayepita korido akiripoti getini. Kwa sentimita 30 redio yake hutoa volti 45.

Mafundi wa vifaa tiba hawahitaji chumba cha piramidi ili kuanza. Upo utaratibu wa Marekani uitwao ANSI C63.18, uliotolewa mara ya kwanza 1997 na kufanyiwa marekebisho 2014, ulioandikwa kwa ajili ya hospitali isiyo na maabara. Unatafuta chumba kitupu, unaondoa mgonjwa na kila mashine inayomhudumia mtu mwingine hata ng'ambo ya ukuta, unaiwasha mashine ikiwa na nyaya zake zote zilivyo siku ya kazi, kisha unakisogeza kirushio hatua kwa hatua kutoka mbali, ukikigeuza, ukizunguka pande zote, mpaka mashine ibadilike au mpaka uiguse. Unaandika umbali.

Mtego uliopo hapo ni kirushio. Fundi akitumia simu yake mwenyewe mahali penye mtandao mzuri, simu itanong'ona, mashine itatulia, na ataandika sifuri isiyo na maana. Ndiyo sababu redio ya upepo, ambayo kwa kawaida hurusha nguvu ileile kila inapobonyezwa, ni chombo cha kuaminika zaidi, ingawa inajibu swali la masafa yake tu. Kwa simu inabidi utafute kona yenye mtandao dhaifu, upige, uzungumze, na usisahau kujaribu sekunde zile za kwanza simu inapoitwa. Na nyaya zilazwe kama wauguzi wanavyozilaza, kwa sababu kebo iliyoning'inia kando ya kitanda na kebo iliyokunjwa juu ya mashine ni antena mbili tofauti, na pampu iliyovumilia ya kwanza inaweza kusimama kwa ya pili.